Mifuko Sita ya Obokote

Obokote, 19 Novemba 2001

Yaya Mamy, dada yangu,

Pokea salamu zangu, umfikishie mama zake, na umbusu kwa ajili yangu mtoto Ange ambaye bado sijamwona. Nimesikia ametimiza siku arobaini. Mungu amkuze. Mimi nipo, njaa si kali, mvua tu ndiyo imetuzidi. Bado nafanya kazi ile ile ya kupima mifuko ya kasiterite, yale mawe ya bati. Hapa hatuna uwanja wa ndege. Ndege zinatua juu ya barabara ya lami ya zamani. Askari wanafunga barabara kwa kamba huku na huku, watu wa baiskeli wanangoja, ndege inashuka, tunapakia, inaruka, kamba inafunguliwa. Hayo njo maisha yetu.

Neno la kukuambia ni moja. Ndugu yetu Djuma hayupo tena hapa. Aliondoka kwa miguu siku ya Jumatano, akasema anaenda kutafuta kazi kwenye machimbo. Hakutaja machimbo gani. Mwambie mke wake Odile asimtazamie kwenye ndege. Atatokea mwenyewe vita ikipoa.

Barua hii nampa rubani wa leo. Mkono unauma, siandiki mengi.

Mdogo wako,
Sudi


Kindu, 3 Februari 2024

Mdogo wangu Sudi,

Habari za siku nyingi huko mchangani? Sisi tupo. Mama macho yamepungua, lakini ulimi wake bado mzima, jana tu amegombana na muuza mafuta ya mawese mpaka yule kijana akaongeza kikombe bila kuombwa. Magoti yangu yananisumbua, bado nauza mchele pale bandarini. Treni ilikuja mara moja tu mwezi huu.

Utashangaa kuona karatasi wakati una simu. Sudi, nimejaribu simu. Kila nikitaja jina la Djuma, rezo ya simu inakufa. Mara tatu imekufa pale pale. Karatasi haina rezo, utaisoma mpaka mwisho.

Ange, binti wa Djuma, amepata mchumba. Anaitwa Assani, anatengeneza mashine za mitumbwi hapa mtoni, kijana wa kazi, ana mafuta kwenye kucha siku zote. Wazee wake walikuja kwetu Jumapili. Baba yake mkubwa akauliza:

"Baba ya musichana iko wapi?"

Mama akajibu: "Alisafiri."

"Tangu lini?"

"Tangu vita."

Mzee akakohoa, akatazama viatu vyake. "Mama, usikasirike. Mimi siwezi kuomba musichana kwa muntu mwenye kusafiri. Kama iko muzima, tutamungoja. Kama alikufa, mufanye kwanza matanga, kisha mutupe baba mudogo wake tuongee naye."

Walikuwa na haki. Walipoondoka nilimwambia mama: tufanye matanga, imetosha. Unajua alivyonijibu? "Mimi sitalilia mtoto ambaye hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia amemwona akiwa maiti. Nikimlilia naye anaishi, njo nitakuwa nimemuua."

Basi tumekwama. Ange analia chumbani, na baba mdogo wake ni wewe peke yako. Wewe ulikuwa Obokote pamoja na Djuma, wewe wa mwisho kumwona. Sikuulizi kitu kingine chochote, sikuombi chochote. Niambie: alikufa, au anaishi?

Yaya wako,
Mamy


Loji ya jangwani, Namibia, 28 Machi 2024

Yaya Mamy mpendwa,

Salaam aleikum. Barua yako ilinifikia wiki iliyopita. Ilichukuliwa na dereva wa lori mpaka Lubumbashi, ikapita Zambia, ikakaa Windhoek kwa yule mama Mkongo muuza vitenge, mwisho ikapanda ndege pamoja na nyanya na maziwa. Barua yako imepanda ndege. Mimi bado sijapanda hata siku moja. Nimefurahi kusikia mama anagombana. Mtu anayegombana ana nguvu.

Hukuniuliza naishi vipi, lakini nitakuambia, maana kwenye simu huwa sielezi. Hii loji ni nyumba ya zamani sana. Mfugaji kondoo mmoja mzungu aliijenga kabla sisi hatujazaliwa, kuta za mawe, mabati ya mwanzo yapo mpaka leo. Vyumba sita. Usiku taa ni za mafuta. Wageni wanaipenda hivyo hivyo. Nikitia mafuta mlango unaolia, wanasikitika. Nyumba ya jirani iko mwendo wa saa tano kwa gari, kwa hiyo wanakuja kwa vindege vidogo. Wanaruka kutoka loji kuukuu hii hadi nyingine, siku mbili hapa, siku mbili kule, na wanahesabu viwanja vya changarawe walivyotua kama sisi tulivyokuwa tukihesabu vituo vya treni. Mzee mmoja aliniambia amelipa pesa nyingi kuja kuona mahali ambapo hakuna kitu. Nikamwambia, "Bwana, basi umefika." Alicheka mpaka akakaa chini.

Kazi yangu ni uwanja. Alfajiri nafukuza choroa, wale paa wakubwa wenye pembe kama mikuki, maana wanapenda kulala katikati ya pisti ya ndege. Kisha naburuta kipande cha reli nyuma ya trekta ili kulainisha changarawe. Ndege ikija, napima mizigo. Kila mgeni ana ruhusa ya kilo kumi na tano, begi laini. Na mtu mwenyewe nampandisha kwenye mizani. Wengine wanakasirika. Mama mmoja alisema uzito wake ni siri yake na ya Mungu. Nikamwambia asipopanda mizani hapandi ndege. Meneja aliniita nipunguze ukali, sikupunguza. Rubani wetu, dada kijana, hunicheka: "Sudi, hata malaika akishuka hapa utampima pamoja na mabawa."

Nimechoka, yaya. Mgongo, macho, kila kitu. Mchanga unaingia hadi kwenye chai. Hapa mvua ya mwaka mzima haijazi beseni la kwetu.

Habari za Djuma nilikwisha kukuandikia zamani. Sina la kuongeza. Ange aolewe tu, wazee wa siku hizi wanaelewa. Mimi kuja sitaweza.

Mdogo wako,
Sudi


Kindu, 9 Juni 2024

Sudi,

Salamu za mama, za Ange, na zangu kama bado unazitaka. Mchele umepanda bei, mto umeshuka, jirani yetu amezaa mapacha. Hizo ndizo habari.

Uliniandikia karatasi tatu za mchanga na wanyama wenye pembe, na mstari mmoja wa ndugu yako. Nilimsomea mama yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na Djuma?" Nikamsomea ule mstari mara ya pili. Akasema, "Huyu mutoto anaficha kitu." Mimi nikakutetea. Sasa najuta.

Sikiliza. Mwezi uliopita alikuja mtu kununua mchele kwangu, mnene, kipara, anatembea kwa fimbo. Akanitazama sana. "We njo dada ya Sudi wa mizani?" Nikasema ndiyo. Akasema anaitwa Matata, mlipakia pamoja Obokote wakati wa vita. Nikamwekea kiti. Alikula, alicheka, aliniambia jinsi mlivyokuwa mkiiba samaki wa askari. Ndipo nikamuuliza, polepole, kama mtu asiye na haja: je, Djuma aliondoka upande gani, siku ile alipoenda machimboni kwa miguu?

Matata akaacha kutafuna. "Kwa miguu? Dada, Djuma hakuwa na miguu ile wiki. Alikuwa na homa, hawezi hata kusimama. Mimi na Sudi njo tulimubeba mpaka kwa ndege."

"Ndege gani?"

Akatazama huku na huku, akasema amesahau, ni zamani, ana safari. Aliacha hata mchele aliokwisha kulipia.

Ninayo barua yako ya mwaka 2001, Sudi. Iko kwenye sanduku la mama pamoja na hati za kiwanja. Imeandikwa "kwa miguu" kwa mkono wako.

Nikukumbushe na jambo lingine. Odile alimngoja Djuma miaka minane. Mwaka 2009 alichoka, akaenda Kisangani akaolewa na fundi cherehani. Unakumbuka nilivyokueleza? Mama alimwita malaya mbele ya mtaa mzima, kwamba ameacha nyumba ya mume aliye hai. Odile akaenda zake. Alimwacha Ange kwetu kwa sababu mama alimnyang'anya. Miaka kumi na mitano hajakanyaga kwetu.

Wazee wa Assani wamesema watangoja mpaka mwisho wa Septemba. Baada ya hapo kijana atatafuta pengine, na sitamlaumu.

Usiniandikie tena habari za mchanga.

Mamy


Loji, 2 Agosti 2024

Yaya,

Salaam. Mama nimsalimie vipi, sijui. Msalimie.

Djuma alikufa. Alikufa Jumatano tarehe 14 Novemba 2001, asubuhi, katika ndege iliyoanguka porini mbele ya Obokote. Nimeandika, sasa kalamu imeanza, niache niendelee.

Alikuwa na homa siku kumi. Dawa hakuna. Barabara ya Lubutu imefungwa, upande wa pili ni wapiganaji wa Mai-Mai. Kila siku alikuwa akiniuliza: mtoto amefanana na nani? Nami sijui, sijamwona. Akasema, nipeleke Kindu, nikifa nife nimemshika. Ndege ya kwenda Kindu ikaja ile Jumatano. Rubani alikuwa mzee wa ndevu nyekundu, mtu mwema, alikuwa akitugawia sabuni. Nikamwomba amchukue ndugu yangu. Akasoma daftari lake, akasema mzigo umejaa, hata kilo moja haiongezeki. "Toa mfuko mmoja na nusu, nitampakia." Nikamwendea mwenye mawe, tajiri wa kasiterite ile. Mwenye mawe akasema mtu mgonjwa hanunuliwi na mtu yeyote, mawe yana mnunuzi.

Sasa uelewe kazi yetu ilivyokuwa. Mimi nilikuwa napima mfuko, kisha naandika uzito wake juu ya mfuko wenyewe kwa kipande cha mkaa. Rubani hapimi tena. Anasoma kile nilichoandika, anajumlisha. Mkono wangu njo ulikuwa mizani yake.

Nikarudi kwenye mifuko. Nikachukua sita, nikafuta hamsini kwa mate, nikaandika arobaini. Kilo sitini. Djuma wakati ule hakuzidi hapo. Nikamwita rubani, nikamwambia nilikosea, hebu soma tena. Akasoma, akajumlisha, akanipiga begani. Akasema, "Mlete."

Kuna jambo lingine, na hili hata Matata hajui. Mwenye mawe alikuwa ameniamuru tangu zamani kila mfuko nijaze hamsini na tano, niandike hamsini. Kwa hiyo ile ndege ilikuwa nzito kabla Djuma hajapanda. Rubani hakujua. Mwenye mawe alijua ya kwake, hakujua ya kwangu. Mtu aliyejua zote mbili ni mmoja, na nilisimama pale nikashika kamba, nikapunga mkono.

Lami ilikuwa imelowa. Ndege ilikimbia, ikakimbia, mpaka watu wa baiskeli mwisho wa kamba wakaanza kuzitupa na kukimbia. Ikainuka. Djuma alikuwa dirishani, amekalia mfuko. Ikapita juu ya miti ya kwanza, miti ya pili haikuipita.

Askari walitukataza kwenda siku mbili, wakiogopa Mai-Mai. Siku ya tatu nilikwenda na mwanakijiji mmoja, Zéphirin, mwindaji. Sitakuandikia nilimtambua kwa kitu gani. Nilimtambua. Nilimzika pale, na rubani nikamzika kando yake, kila mtu na shimo lake. Nilisoma Fatiha, nilikosea katikati, nikaanza upya. Kila mtu akasema ni injini, na mimi nikasema ni injini. Jina la Djuma halikuwa kwenye karatasi yoyote. Siku tatu baadaye nikakuandikia ile barua.

Kwa nini nilidanganya, nimejiuliza miaka yote hii. Nilitaka kuandika kweli nikifika Lubumbashi. Kisha nikifika Zambia. Kisha nikipata kambi, nikipata kazi. Kila mahali nilipofika palikuwa mbali zaidi na kweli.

Mwaka jana nilimuuliza yule dada rubani, kama mchezo tu: kilo sitini zinaweza kuangusha ndege? Akasema, inategemea. Joto, urefu wa uwanja, maji, upepo. Akasema labda ndiyo, labda ingeanguka hata bila hizo. Yaya, hilo njo jibu nililonalo. Inategemea.

Mimi siombi kitu. Fanyeni matanga. Ange aolewe. Niliyoyaandika ukitaka kuyasoma kwa sauti, soma.

Sudi


Kindu, 20 Septemba 2024

Sudi,

Barua yako ililetwa tarehe 6. Niliisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia la mchele, bandarini, watu wakinisubiri niwapimie. Sikumpimia mtu. Niliwaambia njooni kesho.

Nitakuambia kama ilivyo. Nilikuchukia siku tisa. Nilikuwa nikiamka nakuchukia, nikila nakuchukia. Siku ya kumi nikachoka, hata hiyo ni kazi. Sijakusamehe, usidhani. Nimechoka tu.

Nilitoa ile karatasi ya mifuko, nikaificha kwenye kanga zangu. Iliyobaki nilimsomea mama. Kwamba Djuma alikuwa mgonjwa, alipanda ndege kuja kwetu, ndege ikaanguka, na wewe ulimzika. Nilikuwa nimeandaa maji na jirani wa kumshika. Hakuanguka. Akauliza:

"Aliyemuzika ni nani?"

"Sudi."

"Kwa mikono yake?"

"Kwa mikono yake, mama."

Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelijibu moyoni: "Alimulaza kuelekea wapi?" Nikasema sijui, hukuandika. Akasema, "Umuulize." Halafu ndipo akalia, Sudi. Alilia mpaka mtaa ukajaa bila kuitwa.

Tulifanya matanga siku tatu. Shehe alisoma, Assani na wenzake walipika, wazee wake walikaa nasi siku zote tatu na hawakugusa neno la harusi. Nilimpelekea Odile habari kwa simu. Alikuja kwa pikipiki kupitia Lubutu, siku mbili usiku na mchana njiani, matope mpaka kwenye nywele. Aliingia uani akasimama, hajui akae wapi, wanawake wote wanamtazama. Mama akanyoosha shingo.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, Odile."

Mama akasema kwa sauti kubwa: "Odile, nilikuita malaya mbele ya watu. Watu njo hawa hawa, wengi wao bado wako hai. Leo nasema mbele yao, nilikukosea. Ulikuwa mujane."

Odile hakusema nimesamehe. Alisema, "Mama, unisogezee mukeka." Mama akasogea. Wakakaa goti kwa goti mpaka magharibi. Ange akawekwa katikati yao, mkubwa vile, kama mtoto wa kunyonya.

Harusi ni Januari. Wazee wanakungoja wewe.

Mama ameniuliza mara mbili: "Kwa nini Sudi alificha?" Nikamwambia utamwambia mwenyewe. Ile karatasi ninayo. Njoo uiseme kwa mdomo wako.

Na jibu swali la mama.

Mamy


Loji, 30 Oktoba 2024

Yaya,

Salamu kwako, kwa mama, kwa Ange na mama yake Odile kama bado yuko hapo. Asante kwa kuniandikia umenichukia. Ningejua umeficha, ningeteseka zaidi.

Jibu la mama. Siku ile mawingu yalifunga, jua halikuonekana. Nikakumbuka alivyotufundisha tukiwa wadogo ukingoni mwa Lualaba: ukitaka kujua kibla, tazama maji yanakoenda, geuka kidogo kuume. Pale porini kulikuwa na kijito. Nikatazama maji, nikageuka kuume, nikamlaza Djuma hivyo, ubavu wa kulia. Baada ya mwezi Zéphirin, yule mwindaji, aliniambia kile kijito kinakwenda magharibi. Si kama mto wetu. Nilimlaza vibaya, na kurudi sikuweza. Usimfiche hilo.

Ile karatasi uliyoificha, naomba uitoe umsomee mama. Siji kabla hajaijua. Nikija naye hajui, atanipikia, nami nitakula wali wake kama mwizi. Kusema kwa mdomo wangu nitasema, lakini ajue kwanza, ili aweze kunikataa nikiwa bado mbali. Akinikataa, tafuteni mtu mwingine wa ukoo akae na wazee wa Assani.

Nimeomba likizo, meneja amekubali. Ndege ya kwanza ningepanda hapa hapa, ile ya nyanya. Nimejipima. Kilo sitini na nane.

Nangoja jibu.

Sudi


Kindu, 8 Desemba 2024

Mdogo wangu Sudi,

Tunaendelea. Odile amerudi Kisangani, atakuja tena kwa harusi na mume wake, na mama mwenyewe ndiye aliyemwalika huyo mume. Mimi nimempa Ange kitanda changu, nimebaki na mkeka. Mvua inanyesha kila siku.

Nilimsomea mama karatasi Alhamisi, baada ya alasiri. Alikuwa akichambua mchele. Hakuacha kuchambua hata mara moja, kwa vidole tu, maana macho hayaoni. Nilipomaliza akamwaga chuya, kisha akasema nilete kalamu, niandike kama anavyosema nisibadilishe. Basi haya ni ya kwake:

"Sudi. Mimi njo mama yako, nasema, Mamy anaandika. Ile ya kijito nilimuuliza shehe. Amesema Mungu hatafuti watu wake kwa mito. Imekwisha hiyo.

Nimesikia mifuko. Kama ningekuwa mimi mwenye kushika ule mkaa, na Djuma iko na homa mbele yangu, ningeandika mifuko yote sufuri. Wewe uliandika sita tu. Kwa Djuma sina kesi na wewe. Yule mzee wa sabuni naye alikuwa na mama, ile ni yako na Mungu, mimi siwezi kukusaidia.

Lakini kuna kesi moja. Djuma tangu utoto hapigi hodi, unajua. Anasukuma mulango tu, anaingia. Kwa hiyo miaka ishirini na mitatu mimi sikufunga mulango wangu. Vita, sikufunga. Wezi waliingia mara mbili, wakabeba sufuria, wakabeba redio. Mamy alinitukana. Nikasema acha, siku moja mwenye kuingia hatakuwa mwizi. Nililala kila siku nusu ya usingizi, sikio moja kwa mulango. Na wewe ulijua. Neno moja tu, Sudi, ningelala. Hiyo njo imenikasirisha, na ukifika utanikuta bado nimekasirika, ujitayarishe.

Juzi Mamy aliita fundi, akaweka komeo. Jana nilifunga mwenyewe. Kwa hiyo ukifika usisukume mulango, hautafunguka. Upige hodi. Nitauliza ni nani. Utasema jina lako, mimi nitaamka nifungue."

Hayo ndiyo maneno yake. Harusi ni tarehe 18 Januari.

Yaya wako,
Mamy